Uzee Peke Yake Haumalizi Figo

Katika familia nyingi zenye mzee wa kisukari hufika siku habari njema inapoletwa sebuleni: sukari ya baba imeshuka. Miaka yote kipimo cha asubuhi kilikuwa kikisoma 11 au 13, sasa kinasoma 5, na juzi kilisoma 3.5, ilhali dawa ni zilezile na ugali ni uleule. Mmoja anamshukuru Mungu, mwingine anaisifu mizizi aliyoagiza kijijini, na mzee mwenyewe ameshaanza kuvikata vidonge nusu kwa sababu siku hizi akivimeza vizima hutokwa jasho, mikono ikatetemeka na macho yakaingia kiza.

Hiyo si habari njema hata kidogo, na kila anayeishi na mzee anapaswa kujua sababu yake. Insulini haikai kwenye damu siku zote. Ikishafanya kazi yake huvunjwa na kuondolewa, na figo ni mojawapo ya sehemu kuu za kuiondoa, hasa insulini ya sindano, ambayo haipiti kwanza kwenye ini kama ile itokayo kwenye kongosho. Figo pia hutengeneza sehemu ya sukari inayoulinda mwili mtu anapokaa na njaa. Zikidhoofika, insulini inakawia kuondoka na wakati huohuo ile sukari ya kumwokoa mtu alfajiri inapungua. Vidonge navyo vinakawia. Glibenklamaidi, kidonge kilichozoeleka katika zahanati zetu kwa kuwa ni cha bei nafuu, kikifika kwenye ini hugeuzwa mabaki ambayo bado yana nguvu ya kushusha sukari, na sehemu ya mabaki hayo hutegemea figo kutoka. Figo zikichoka, dozi ya jana inakutana na ya leo. Ndiyo maana orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema kidonge hicho hakiwafai waliovuka miaka 60, na inapendekeza gliklazaidi.

Kisukari cha mzee huyo hakijapona. Yaelekea figo zake zimeanza kushindwa. Mtu aliyeishi na kisukari miaka mingi, sukari yake ikashuka yenyewe bila kubadili chakula wala dawa wala kupungua uzito kwa makusudi, apimwe figo wiki hiyohiyo.

Nimeanza na hilo kwa sababu linaonyesha jinsi figo zilivyofungamana na namna mwili unavyotumia chakula. Sisi tumezitenganisha. Mzee anapelekwa kliniki ya sukari siku moja, ya presha siku nyingine, na figo zinasubiri mpaka miguu ivimbe. Akifika hapo tunasema ni uzee. Sikubaliani na neno hilo. Uzee una sehemu yake, na nitaieleza, lakini sehemu kubwa zaidi hufanywa na sukari, presha na kitambi, na hayo yote yanaweza kuonekana mapema kwa kupima damu kidogo na mkojo kidogo.

Tuanze na haki ya uzee. Kila figo ina vichujio vidogo mno viitwavyo nefroni, kwa wastani karibu milioni moja, na kikifa kimoja hakioti kingine. Takriban sehemu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo hupelekwa kwenye figo, nazo kwa siku moja huchuja kiasi cha lita 180 za maji ya damu, zikarudisha karibu yote mwilini na kuacha lita moja na nusu au mbili za mkojo. Watafiti wa Marekani waliwachunguza watu waliojitolea kumpa mwingine figo, yaani watu waliokaguliwa mpaka wakahakikishwa ni wazima. Wenye miaka 18 hadi 29 walikuwa na vichujio vinavyofanya kazi karibu 990,000 katika kila figo. Wenye miaka 70 hadi 75 walikuwa na karibu 520,000. Karibu nusu ilikuwa imekwenda, na bado walikuwa na afya ya kutosha kugawa figo moja.

Uchunguzi mwingine, ule wa Baltimore ulioanza mwaka 1958, uliwafuata watu walewale miaka nenda rudi kuona uzee unavyowabadilisha. Ripoti yake ya mwaka 1985 kuhusu figo ilihusu watu 254 wasio na ugonjwa wa figo. Kwa wastani uwezo wao wa kuchuja ulipungua kwa mililita 0.75 kwa dakika kila mwaka. Hiyo ndiyo tarakimu inayokaririwa kwenye vitabu. Kinachosahauliwa ni kwamba theluthi moja ya watu hao hawakupungua kabisa. Walizeeka, nywele zikawa nyeupe, na figo zao zikabaki zilipokuwa.

Kwa hiyo mzee wa miaka 75 asiye na maradhi mengine ana akiba ndogo kuliko ya kijana, lakini inamtosha mpaka mwisho wa maisha yake. Shida inaanza pale kisukari kinapomkuta mtu ana miaka 68, akiba imeshapungua karibu nusu. Uharibifu ambao mtu wa miaka 40 angeubeba miaka 15 bila kujua, yeye anaufikia mwisho wake haraka.

Uharibifu wenyewe unaanza kwa namna inayodanganya. Sukari ikizidi kwenye damu, nyingi hupita kwenye kichujio, na mirija inayofuata hujitahidi kuirudisha mwilini. Sukari hairudi peke yake, hubebwa pamoja na chumvi. Mbele kidogo kwenye mrija kuna chembe zinazopima chumvi inayofika. Zikiona chumvi ni kidogo huamini kwamba damu inayochujwa haitoshi, na hutoa amri mshipa uingiao kwenye kichujio ufunguliwe zaidi. Damu inaingia kwa nguvu, shinikizo ndani ya kichujio linapanda, na uchujaji unaongezeka kupita kawaida. Mgonjwa akipimwa wakati huu anaambiwa figo zake ni nzuri sana. Kumbe ndani, chembe zinazoshikilia ukuta wa kichujio zinabanduka moja moja, na protini iitwayo albumini, ambayo ilipaswa kubaki kwenye damu, inaanza kuvuja. Presha ya juu ikiwapo, inaongeza shinikizo palepale. Na kitambi kinafanya yote mawili, kwa kuwa mafuta yanayojazana ndani ya tumbo, kuzunguka ini na utumbo, huufanya mwili usiisikie insulini vizuri, na huipandisha presha.

Mwaka 1988 daktari Gerald Reaven wa Marekani alisimama mbele ya wenzake akaeleza kwamba sukari, presha na mafuta mabaya ya damu huandamana kwa mtu yuleyule, na kwamba chanzo kimojawapo ni mwili kutoisikia insulini. Figo hazikuwamo sana katika maelezo hayo. Ilichukua mpaka Oktoba 2023 kwa Chama cha Moyo cha Marekani kutangaza rasmi kwamba moyo, figo na matumizi ya chakula mwilini yatazamwe kama tatizo moja lenye hatua zake, kuanzia kitambi kisicho na dalili hadi moyo na figo kushindwa. Miaka 35 ni mingi. Tena ni tangazo la huko. Kwenye vyumba vyetu vya kliniki mafaili bado yako mbalimbali.

Kwa wazee kitambi kinahitaji jicho la ziada, kwa sababu mizani inaficha. Mtu akivuka miaka 65 hupoteza misuli ya mapaja na mikono, na mahali pake panaweza kuongezeka mafuta ya tumboni, hivyo kilo zinabaki zilezile. Majirani watasema mama amekonda, na kweli mikono imekonda, lakini kanga haifungiki kiunoni kama zamani. Utepe wa fundi cherehani unasema ukweli kuliko mizani. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari linatumia sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke kuwa mpaka wa kiuno kwa watu wa Afrika kusini mwa Sahara.

Sasa tuje kwenye kupima, maana hapa ndipo naona tunapopoteza watu wengi.

Mwaka 1827 daktari Richard Bright wa Guy's Hospital, London, alichapisha kitabu kuhusu wagonjwa waliovimba miili. Alikuwa akichukua mkojo wao kidogo kwenye kijiko na kuuweka juu ya mwali wa mshumaa. Kwa baadhi yao mkojo uliganda kama ute wa yai, na wakifa, figo zao zilikutwa zimeharibika. Karibu miaka 200 imepita, na kipimo cha protini kwenye mkojo bado ndicho kinachotangulia kusema kwamba kichujio kinavuja, miaka mingi kabla uwezo wa kuchuja haujashuka. Leo hakihitaji mshumaa. Ni kijiti chenye vibandiko vya rangi, na kazi yake yote haizidi dakika mbili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sukari yangu ngapi leo?"

"Saba nukta mbili, bibi, si mbaya. Naomba na mkojo kidogo kwenye kikopo hiki."

"Mkojo wa nini tena? Mimi nimekuja kwa sukari."

Mazungumzo ya namna hii hutokea mara chache mno, kwa sababu nesi mara nyingi hauombi mkojo. Akiuomba, anachovya kijiti, anakikung'uta kwenye ukingo wa kikopo, anasubiri sekunde zilizoandikwa kwenye chupa, kisha anakilaza kando ya rangi zilizochapwa ubavuni. Kibandiko cha protini kikibaki cha njano, hakijaona protini. Kikianza kuwa kijani, kuna protini, na kadiri kijani kinavyokolea ndivyo ilivyo nyingi. Kijiti hakioni uvujaji mdogo wa mwanzoni. Kwa huo kuna kipimo cha maabara kinacholinganisha albumini na kreatinini ya mkojo uleule, na matokeo ya miligramu 30 kwa gramu au zaidi si ya kupuuzwa. Homa, maambukizi ya njia ya mkojo au kazi nzito ya jana yake vinaweza kuipandisha kwa muda, kwa hiyo kipimo hurudiwa, na lazima ibaki juu kwa zaidi ya miezi mitatu kabla ya kumwambia mtu kwamba ana ugonjwa sugu wa figo.

Kipimo cha pili ni kreatinini ya damu. Hiki hufanywa zaidi, lakini husomwa vibaya. Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli, na mwenye misuli michache hutoa kidogo. Chukua kijana wa kiume wa miaka 30 na mama wa miaka 75, wote wawili kreatinini yao ni 1.2, yaani mikromoli 106 kwa lita. Karatasi nyingi za maabara zitaandika kwamba wote wako ndani ya kiwango au ukingoni mwake. Ukitia umri na jinsia kwenye fomula inayotumika sasa, kijana anachuja takriban mililita 83 kwa dakika, na mama anachuja 47. Mama huyo ameshapoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake, ameingia hatua ya tatu ya ugonjwa, na ameondoka kliniki akiambiwa damu yake ni safi. Naliona hili kuwa kosa kubwa kuliko yote katika huduma ya wazee, na dawa yake haina gharama: maabara iandike kiwango cha uchujaji kando ya kreatinini, na mtoto wa mzee aulize, "Daktari, figo za mama zinachuja ngapi?"

Kuna mtego mwingine kwenye karatasi hizo. Fomula iliyotolewa mwaka 2009 ilimwongezea mtu mweusi karibu asilimia 16 ya uwezo wa kuchuja, kwa hoja iliyotokana na takwimu za Marekani. Mwaka 2021 nyongeza hiyo iliondolewa. Ukikuta mashine ya maabara bado inachapa mstari wa pili uliotengwa kwa watu weusi, usiutumie. Unamwonyesha mzee wako kuwa mzima kuliko alivyo.

Wapo wataalamu wanaosema kumwita mgonjwa kila mzee anayechuja chini ya 60 ni kuwatia watu hofu bure, na kwamba kwa waliovuka miaka 65 mpaka uwe 45 kama mkojo hauna albumini. Hoja yao ina uzito. Mzee wa miaka 80 anayechuja 52, mkojo wake safi, presha yake nzuri, aachwe aishi. Lakini ili kumwacha kwa amani lazima kwanza uwe umepima huo mkojo.

Kaskazini mwa Tanzania, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakawapima watu wazima 481, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Asilimia 7 walikuwa na ugonjwa sugu wa figo: mjini asilimia 15, vijijini asilimia 2. Katika waliokuwa nao, aliyejua alikuwa mmoja tu katika kila kumi hivi. Tofauti ya mji na kijiji haiwezi kuelezwa na uzee, maana wazee wako kote.

Wakati mwingine figo za mzee haziendi polepole. Zinaanguka ndani ya wiki moja, na mara nyingi kilichoziangusha kilinunuliwa duka la dawa. Diklofenaki na ibuprofeni ndizo dawa za magoti na mgongo za wazee wetu. Humezwa asubuhi na jioni miezi mfululizo, na hakuna anayeziandika kwenye kadi ya kliniki kwa sababu hazihesabiwi kuwa dawa za ugonjwa. Katika figo iliyochoka, kuna kemikali inayoufanya mshipa uingiao kwenye kichujio ubaki wazi, na dawa hizi huizuia isitengenezwe. Kama mzee huyo anatumia pia losatani au enalaprili kwa ajili ya presha, ambayo hulegeza mshipa utokao, na kidonge cha kukojoza maji, basi damu inaingia kidogo, shinikizo la kuchujia limeondolewa, na maji mwilini yamepungua. Akiharisha siku mbili juu ya hayo, mkojo unakatika. Tena wazee hawasikii kiu kama vijana. Katika joto la Februari la Dar es Salaam au Mombasa mtu wa miaka 78 anaweza kushinda na kikombe kimoja cha chai, na ukimuuliza atakwambia hana kiu.

Maumivu ya magoti ni ya kweli na mzee hapaswi kuachwa nayo. Parasetamoli kwa dozi sahihi ni salama zaidi kwa figo. Dawa ya kupaka huingia kwenye damu kidogo kuliko kidonge. Na familia iulize kliniki mapema, kabla ya ugonjwa kuja, ni dawa zipi zisimamishwe siku ya kuharisha au kutapika na zirudiwe lini.

Kuhusu miti na matunda nasema moja tu, kwa sababu linawahusu hasa watu wa pwani. Birimbi, lile tunda chachu la achari, likiliwa kwa vipande kwa kawaida halina tatizo kwa mwenye figo nzima. Lakini lina oksaleti nyingi mno. Kule Kerala, India, ambako nako linapendwa, madaktari waliripoti mwaka 2013 wagonjwa kumi ambao figo zao ziliziba ghafla baada ya kunywa maji ya birimbi waliyoambiwa yanashusha lehemu. Saba kati yao walihitaji kusafishwa damu kwa mashine. Mtu anayekunywa bilauri ya maji hayo kila asubuhi ili asafishe mwili anazijaza figo zake fuwele.

Na kwa wanaume, kabla ya kulaumu sukari kwa sababu mzee anaamka usiku mara nne, tezi dume ichunguzwe. Ikikua ikabana njia, mkojo unarudi nyuma, unazijaza figo, na figo zinaharibika kwa shinikizo hilo. Huu ni mmoja wa magonjwa machache ya figo yanayoweza kugeuzwa ndani ya siku chache, kwa mpira wa mkojo tu, mradi ugunduliwe mapema.

Miaka ya karibuni matibabu yamebadilika kuliko wengi wanavyojua. Tangu miaka ya 1990 ilijulikana kwamba enalaprili na dawa za jamii yake, na baadaye losatani, hushusha shinikizo ndani ya kichujio na kupunguza uvujaji wa albumini. Kisha ikaja jamii ya dawa ambazo asili yake ni kitu kilichotolewa kwenye gome la mti wa matufaha mwaka 1835. Dawa hizi, kama dapaglifozini na empaglifozini, huizuia mirija ya figo isirudishe sukari na chumvi mwilini. Zile chembe zinazopima chumvi zinapata chumvi ya kutosha, zinaacha kudanganyika, na mshipa uliofunguliwa kupita kiasi unarudi kwenye kipimo chake. Jaribio kubwa la dapaglifozini lililochapishwa mwaka 2020 lilikuwa na wagonjwa 4,304, na karibu theluthi moja hawakuwa na kisukari. Waliopewa dawa walipungukiwa na hatari ya figo kuharibika zaidi au kufa kwa ugonjwa wa figo au wa moyo kwa asilimia 39. Mwaka 2021 dawa za jamii hii ziliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwenye maduka yetu bei yake bado inawashinda wastaafu wengi, na hilo ni jambo la kudai kwenye mifuko ya bima.

Jamii hizi zote mbili za dawa zina tabia inayowatisha watu: wiki za kwanza kreatinini hupanda kidogo. Shinikizo limeshuka ndani ya kichujio, kwa hiyo uchujaji nao unashuka kidogo, na hiyo ndiyo kazi ya dawa. Kupanda kusikozidi asilimia 30 kwa kawaida si sababu ya kuiacha. Wazee wengi huondolewa dawa inayowalinda kwa sababu ya karatasi moja iliyosomwa kwa hofu.

Na tusiwaonee wazee kwa malengo ya vijana. Mtu wa miaka 82 mwenye maradhi matatu hahitaji kipimo cha sukari ya wastani ya miezi mitatu kiwe chini ya asilimia 7. Chini ya 8 inamtosha, kwa sababu kinachoweza kumuua wiki hii ni sukari kushuka usiku. Presha nayo ishushwe kwa uangalifu, apimwe akiwa amekaa na akiwa amesimama, asije akaanguka akienda msalani.

Chakula kina ushauri mwingi wa mitaani, na mwingine ni wa hatari. Mzee mwenye ugonjwa wa hatua ya tatu akiambiwa aache nyama, maharage na mayai kabisa, anapoteza misuli iliyobaki, anadhoofika, na kreatinini yake inashuka kwa sababu misuli imeisha, familia ikishangilia. Gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito ndicho kiwango kinachopendekezwa kwa ugonjwa wa hatua hiyo na kuendelea, na kwa mzee dhaifu huongezwa. Kinachostahili kupunguzwa kwanza ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka isifike gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile ya ng'onda, papa, achari na viungo vya paketi. Soda na chai ya sukari nyingi zifuate. Madafu ni mazuri kwa mwenye figo nzima, lakini yana potasiamu nyingi, na figo ikichuja chini ya 30, potasiamu ikilundikana inaweza kuusimamisha moyo. Mgonjwa wa namna hiyo hapelekewi dafu hospitalini kama zawadi, na wengi hupelekewa.

Ramadhani ikikaribia, mzee mwenye kisukari na figo dhaifu aende kliniki wiki sita au nane kabla. Wengine watafunga kwa dozi zilizopangwa upya. Wenye hatua ya nne na ya tano ya ugonjwa wa figo wamo kwenye kundi la hatari kubwa, na dini yenyewe imemwekea mgonjwa ruhusa. Naomba watoto wamweleze hilo kwa heshima, pamoja na imamu anayemwamini, kwa sababu mzee aliyefunga miaka 60 haoni kula mchana kuwa jambo dogo.

Baadhi watafika kwenye mashine hata tukifanya yote. Mtu wa kwanza kuokolewa na mashine ya kusafisha damu alikuwa mzee: mwanamke wa miaka 67, huko Uholanzi mwaka 1945, mgonjwa wa daktari Willem Kolff, baada ya wagonjwa wengi kabla yake kufariki. Figo zake zilikuwa zimekwama ghafla, zikarudi, akaishi miaka mingine. Kwa hiyo umri peke yake hauwezi kuwa sababu ya kumnyima mtu mashine. Lakini kwa ugonjwa sugu hali ni nyingine. Mwaka 2009 ulichapishwa uchunguzi wa wazee 3,702 wa Marekani waliokuwa wakiishi kwenye nyumba za kutunzia wazee, walioanza kusafishwa damu. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 58 walikuwa wamefariki, na asilimia 13 tu ndio walioweza bado kujifanyia mambo kama walivyoweza kabla ya kuanza.

Mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, pamoja na nauli, foleni na uchovu wa siku inayofuata: hayo ndiyo maisha ya mashine. Kwa mzee wa miaka 66 mwenye nguvu zake yanaweza kuwa miaka mingi ya thamani. Kwa bibi wa miaka 86 asiyeinuka kitandani yanaweza kumalizia siku zake kwenye teksi na kiti cha hospitali. Ipo njia nyingine, ya kutibu kuwashwa, kichefuchefu, kukosa pumzi na upungufu wa damu bila mashine, na daktari anapaswa kuitaja waziwazi, isionekane kuwa ni kumtelekeza mgonjwa. Mazungumzo hayo yafanyike uchujaji ukiwa kwenye 20 au 15, akili ya mzee ikiwa safi, kabla taka haijampanda kichwani. Mara nyingi wanaokaa na daktari ni mtoto mkubwa na anayelipa. Mzee aulizwe kwanza yeye, kwa lugha yake, na jibu lake liandikwe kwenye faili.